Kadi Isiyo na Bahasha

Ndugu yangu Kyalo alifungia namba yangu tarehe kumi na mbili Februari, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Najua saa yenyewe kwa sababu nilikuwa nimeshika simu nikimwandikia maneno ya kujitetea, tiki ikabaki moja ya kijivu, na imebaki moja mpaka leo. Picha yake ikapotea. Nikampigia, ikaita mara moja ikakatika. Nikaazima simu ya fundi viatu anayekaa nje ya saiba yangu, duka langu la intaneti na uchapaji hapa Donholm. Kyalo akapokea, akasikia sauti yangu, akakata. Jioni fundi akaja kuniambia kwamba sasa hata namba yake haipiti, akauliza nitamlipa nini.

Niseme kosa langu mapema, maana nisipolisema nitaanza kulizungukazunguka, ninajijua. Tulizaliwa wawili tu, mimi na Kyalo. Baba yetu, mzee Ngui, alikuwa mchongaji vinyago, akatulea katika chumba kimoja Mukuru kwa Reuben, tukilala sakafuni katikati ya vifaru na simba wasiokuwa na masikio bado. Mzee alipofariki tulimzika kwao Wamunyu, na Februari hii tukawa tunajadiliana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kuhusu msalaba wa kaburi. Kyalo alitaka wa mti, uchongwe na wenzake baba. Mimi nilitaka saruji na vigae, kitu ambacho mchwa hawawezi kukigusa. Tulianza kwa heshima. Asubuhi ya pili Kyalo akaandika kwamba nimezoea kuamrisha watu kana kwamba wote ni wateja wa saiba, na shangazi wawili wakaweka alama za kucheka. Kile kicheko cha shangazi ndicho kilichonimaliza.

Nikabonyeza kipaza sauti, nikaongea dakika mbili na sekunde arobaini.

Wiki tatu kabla ya hapo Kyalo alikuwa amekuja saiba, akafunga mlango nyuma yake, akaniambia amefutwa kazi ya udereva tangu Oktoba na hajamwambia mkewe, Ndinda. Kila asubuhi alitoka nyumbani Njiru amevaa shati la kampuni ambalo Ndinda amelipiga pasi. Akikaribia viwandani analivua, analitia mfukoni, anakwenda kusimama getini na vijana kungoja kibarua cha siku. Aliniambia hayo yote akiangalia sakafu. Akasema, "Ni wewe tu unajua." Na mimi, mbele ya watu sitini na saba, Ndinda akiwa mmoja wao, nikasema kwamba mtu anayepigiwa pasi shati la kazi aliyofutwa asitufundishe habari za msalaba.

Niliufuta ujumbe ule baada ya dakika kumi na moja. Ulikuwa umeshasikizwa na nusu ya ukoo. Binamu yetu wa Mombasa, ambaye hata hayumo kundini, alinipigia mchana kuuliza kama ni kweli.

Nilikwenda Njiru mara mbili. Mara ya kwanza hakuna aliyefungua mlango, ila niliona pazia likitikisika. Mara ya pili Ndinda alitoka, akasimama mlangoni na mikono imelowa, akasema, "Mume wangu hayuko, dada," na viatu vya mume wake viko pale kizingitini. Nilitaka kuvionyesha kwa kidole. Kwa mara ya kwanza mwaka huu nilinyamaza, nikarudi nyumbani nikiwa nimejaa hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, maana mwenye makosa ni mimi.

Kazi yangu ni kutuma. Watu wananiletea fomu, vyeti, picha za pasipoti na maombi ya kazi, nami natuma. Kwa siku nabonyeza labda mara mia mbili. Kwa hiyo ilinikera kwamba sina njia ya kumfikishia neno moja mtu anayeishi umbali wa kutembea, kama una viatu vizuri. Nikafikiria barua. Karatasi ninazo kuliko mtu yeyote Donholm. Kila barua ilianza vizuri, "Kyalo, nisamehe," na ikifika mstari wa nne inaingia "lakini". Lakini na wewe ulinitukana. Lakini shangazi walicheka. Lakini mchwa. Barua moja ilifika kurasa tatu, na ukurasa wa tatu wote ulikuwa ni habari za vigae. Nilizipitisha zote kwenye mashine ya kukatakata karatasi, wateja wakinitazama.

Mwezi wa tano niliingia duka la Mursal, jirani yangu anayeuza vifaa vya ofisi, kutafuta wino wa printa. Karibu na kalamu alikuwa ameweka sanduku la kadi zenye picha za simba, pundamilia na jua linalozama.

"Mursal, hizi ni za nini?"

"Postikadi, mama. Ndugu yangu Abdijabar alifunga duka lake la watalii huko town, akaniletea sanduku zima. Tangu Januari nimeuza mbili, na moja alinunua mwalimu akaonyeshe watoto zamani ilikuwaje."

Nikaigeuza moja. Upande wa nyuma ulikuwa umegawanywa kwa mstari, huku anwani, huku maneno, na nafasi ya maneno ilikuwa upana wa vidole vinne. Nikasimama nayo pale nikiipima. Mursal akaniuliza kama nina mgeni kutoka ng'ambo. Nikamwambia namwandikia mtu wa Njiru. Akacheka mpaka akakaa, nami nikamwacha acheke, kwa sababu nilishaona kwamba hapa hata mimi sitapata mahali pa kukosea.

Nilichagua ya twiga aliyesimama mbele ya majengo ya mjini. Juu yake ilikuwa imechapishwa "Salamu kutoka Kenya". Niliandika hivi: "Kyalo, mwana wa mama. Ulinipa siri yako niitunze, nami nikaitoa mbele ya watu kwa sababu ya hasira. Wewe hukunikosea kitu. Mimi ndiye niliyekuwa mbaya. Nisamehe. Kavinya." Jina langu lilifika ukingoni. Nilitafuta pa kupachika "lakini" moja ndogo, hata pembeni karibu na stempu. Haikuingia.

Kyalo hana sanduku la posta. Watu wengi wa huku hatuna, tunatumia la kanisa, la shule au la mwajiri, na bahasha inaandikwa "kwa mkono wa". Mimi ndiye niliyemchapia binti yake Shirleen fomu za chuo, kwa hiyo nilijua anatumia la kanisa lao. Nikaandika: Kyalo Ngui, kwa mkono wa Kanisa la Mlango Mpya, Njiru, na namba ya sanduku lao. Nikaipeleka posta siku hiyohiyo kabla sijabadilisha nia.

"Inachukua siku ngapi?" nilimuuliza karani.

"Siku tatu, nne hivi."

"Nitajuaje ameipata?"

"Atakujibu."

"Na asipojibu?"

"Basi, mama, atakuwa hajajibu."

Sijawahi kukaa na kitu kama hicho. Ujumbe wa simu unakuambia umefika, umesomwa, mtu anaandika, mtu ameacha kuandika. Kadi ukishaidondosha kwenye lile tundu, imekwenda, na huwezi kuifuta wala kuirekebisha. Siku ya kwanza nilijisikia mwepesi. Ya tano nilianza kuhesabu. Ya kumi nilimchapia mteja mmoja wasifu wa kazi wa mteja mwingine, akaenda nao kwenye usaili. Nilikuwa nasimama bila sababu, naenda mlangoni, narudi. Usiku nikigeuka kitandani nasoma maneno yale kichwani, naona "mbaya" ni neno la kitoto, ningeandika jingine. Fundi viatu aliniuliza kama nina malaria.

Jumamosi ya tano, saa nne asubuhi, msichana aliingia na diski ndogo ya kompyuta shingoni kuchapa nyimbo za kwaya. Anafanya kazi kwenye duka la dawa hapo mbele ila anakaa Njiru, jina lake Mukami. Nikamuuliza niandike risiti kwa jina gani, akalitaja, kisha akasoma jina langu kwenye cheti cha biashara ukutani, akanitazama tena.

"Kumbe ni wewe? Wewe ndio Kavinya wa twiga?"

"Twiga gani?"

"Ile kadi iko kwa bodi ya kanisa yetu. Si tuliisoma wote. Kwaya nzima. Kuna msee wa besi aliipiga picha, imekuwa kwa status za watu wiki mbili."

Nilikaa chini. Kanisani kwao barua zinachukuliwa posta kila Ijumaa, na Jumapili zinapachikwa kwa pini kwenye ubao ulio mlangoni, majina yakitazama nje, mwenye barua apite aichomoe. Mimi mwenyewe niliwahi kuuona ubao ule Shirleen alipobatizwa. Ulikuwa umejaa bahasha za kaki, zote zimefungwa, za shule na za chama cha ushirika. Nilipokuwa nikiandika kadi yangu nilikumbuka sanduku na nikasahau ubao. Nilikuwa nimemwandikia ndugu yangu tangazo.

"Na watu wanasemaje?" niliuliza.

Mukami akashika diski yake. "Mwanzo walikuwa wanashindwa tu ni siri gani. Umeandika siri, hujasema ni gani. Wengine walisema ako na bibi mwingine Machakos. Wengine ugonjwa. Ya sasa muulize mwenyewe, mimi siko kwa hizo story, auntie."

Nilifunga saiba na wateja watatu ndani. Mmoja alikuwa katikati ya fomu, nikamwambia aje Jumatatu, akasema mwisho ni leo, nikamwambia basi ajaze kwa simu. Nilifika Njiru nikiwa na wazo moja tu, nichomoe kadi ile kabla haijaonwa na Jumapili nyingine.

Ilikuwa pale. Twiga ameelekea ukutani, maneno yangu yametazama nje, na pembe moja imechakaa kwa kushikwashikwa. Nilishaweka kidole kwenye pini mtu alipoita kutoka ndani. Alikuwa dada Kageha, katibu wa kanisa, mwanamke mnene mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani.

"Barua inachukuliwa na mwenye jina," alisema.

"Mimi ndiye niliyeiandika."

"Najua. Sote tunajua. Lakini juu imeandikwa Kyalo Ngui."

"Dada Kageha, ulipoona haina bahasha hukuweza kuigeuza?"

"Niliigeuza. Anwani na maneno viko upande mmoja, dada yangu. Nikiweka twiga mbele, mwenyewe atajuaje ni yake?" Alivaa miwani akanitazama vizuri. "Na ameshaiona. Kila Jumapili anaichomoa, anaisoma, anairudisha kwenye pini. Yuko huko nyuma, anapanga viti."

Sikungoja amwite. Kyalo alikuwa katikati ya ukumbi na viti vinne vya plastiki mkononi. Amekonda. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo ambayo dereva hana. Aliniona, akamaliza kupanga mstari aliokuwa akiupanga, ndipo akaweka viti chini.

"Umefuata nini?"

"Kadi yangu."

"Si yako. Ina jina langu."

"Kyalo, sikujua wataipachika."

"Umeingia kanisa hili mara ngapi? Ulijua. Wewe huongea kwanza, halafu unafikiria ukiwa njiani kurudi nyumbani."

Nikasema jambo la kwanza lililonijia. "Msalaba uwe wa mti. Mimi nimekubali."

"Hatuongei mambo ya msalaba."

Akavuta kiti akakaa, mimi hakuniambia nikae. Akanieleza akiwa ametazama mikono yake. Jumapili ya kwanza hakuja kanisani. Ya pili alikuja, na kabla hajafika kwenye ubao mzee mmoja wa kanisa akamwita kando, akamuuliza kwa upole kama ana nyumba nyingine Machakos, na Ndinda amesimama hapohapo. Watu walikuwa wanamtazama mkewe kwa huruma. Ndipo alipokwenda ubaoni akasoma.

"Ikabidi nisimame wakati wa ushuhuda," alisema. "Nikasema mwenyewe. Kwamba nilifutwa kazi, kwamba nimemdanganya mke wangu miezi minne na shati, kwamba nangoja kibarua getini. Mbele ya watu wote, Kavinya. Mimi na miaka yangu arobaini na moja."

"Wakasemaje?"

"Baada ya ibada wanaume wanne wakanifuata nje. Mmoja ndiye anayesomaga matangazo, na suti yake. Kumbe tumekuwa tukisimama geti moja. Yeye upande wake, mimi upande wangu, kila mtu ameshusha kofia asionekane na mwenzake. Siku hizi tunaenda pamoja."

Kifua changu kikafunguka ghafla, na mdomo wangu, kama kawaida yake, ukatangulia. "Basi kadi imesaidia," nikasema.

Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Usijisifu. Wamenisaidia wale wanne. Wewe umenivua nguo mara mbili. Ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa kuomba msamaha."

Dada Kageha alichungulia mlangoni, akaona, akarudi. Nilitaka kusema kwamba nilikwenda kwake mara mbili akajificha, kwamba mkewe alinidanganya viatu vikiwa pale, kwamba mtu akifungiwa simu afanye nini. Yote yalikuja mpaka kooni. Nilikuwa naona aibu, na aibu ikinishika mimi huwa nashambulia. Nikashika kiti kilichoanguka nikakisimamisha, ili mikono ipate kazi.

"Kama imekuumiza hivyo," nikasema, "mbona unairudisha kwenye pini?"

Alichukua kiti kimoja, akakiweka kwenye mstari.

"Kwa sababu nimekuwa nikiisoma kila Jumapili nikitafuta mahali unapojitetea," alisema. "Tangu tukiwa watoto hujawahi kuniomba msamaha bila kuniambia na mimi nilichofanya. Nasoma, nafika kwenye jina lako, naona imeisha. Nadhani kuna kitu nimeruka. Narudia."

Hapo nililia. Nasema wazi kwa sababu dada Kageha atakuwa ameshawaambia watu. Nililia nimeshikilia mgongo wa kiti cha plastiki, na Kyalo hakunigusa, lakini hakuondoka.

"Fungua namba yangu," nilimwambia.

"La."

"Kyalo."

"Nikifungua leo utaniandikia ujumbe ishirini kabla ya chakula cha mchana."

"Sitaandika."

"Utaandika. Na wa kumi na moja utakuwa wa vigae." Hakucheka, wala mimi sikuthubutu. "Namba itakaa hivyo. Ukiwa na neno, niandikie kadi. Barua sitaki, ukipewa karatasi unaharibu. Kadi, kisha uitie kwenye bahasha kama watu wenye akili."

"Na wewe utanijibu?"

"Una sanduku la posta?"

"Sina."

"Tafuta."

Akaenda mlangoni, nami nyuma yake. Akaichomoa kadi, akarudisha pini peke yake mahali pake, akaiweka kadi kwenye mfuko wa shati. Kisha akaniambia niende nyumbani kwa sababu ana viti mia moja na ishirini vya kupanga. Nikauliza nimsaidie. Akasema niende nyumbani.

Jumatatu niliomba sanduku posta ya karibu na hapa nikapewa ufunguo mdogo na namba. Nilimwandikia namba hiyo kwenye kadi nyingine, ndani ya bahasha, bila neno zaidi ya anwani na jina langu, na kujizuia kule kulinichosha kuliko kazi ya wiki nzima. Tangu hapo kila saa saba mchana naacha saiba, naenda, nafungua. Ndani hamna kitu, ila siku moja tangazo la kampuni ya bima. Naingiza mkono mpaka mwisho, kana kwamba kadi inaweza kujificha. Askari wa mlangoni ameacha kunikagua mkoba. Nikirudi saiba nakuwa mkali kwa watu wasio na hatia, na saa kumi najizuia nisiende tena kuangalia kabla hawajafunga. Mara mbili nimeshindwa.

Jana ilikuwa siku ya ishirini na sita. Nilifungua nikiwa nimeshaanza kugeuka kuondoka, ndipo nikaiona imelala chali, bila bahasha, mwandiko wa Kyalo ule ule wa darasa la nane, herufi zimelala upande.

"Kavinya. Ndinda ameanza kunisemesha, siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana. Wiki hii nimepata kazi siku nne. Hasira nawe bado ninayo, sikudanganyi. Andika tena. Kyalo."

Niliisoma nimesimama katikati ya njia, watu wakinipita huku na huku na funguo zao. Nikaitafuta simu. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye jina lake, na ndani yangu yalikuwa yamejaa maneno mengi ya kumwambia, mengine mazuri kabisa. Nikairudisha simu kwenye mkoba, nikatoa kadi moja ya Mursal na bahasha yake, nikaenda dirishani, nikamwomba karani kalamu.